Ugonjwa wa Takayasu si wa Wajapani peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Katika makala yenu ya afya kuhusu magonjwa adimu ya mishipa ya damu, mwandishi aliueleza ugonjwa wa Takayasu kwa mistari minne tu, na wa nne ulisema kuwa huo ni "ugonjwa wa wanawake wa Kijapani". Mistari mitatu ya kwanza sina ugomvi nayo. Huo wa nne ndio ulionifanya nishike kalamu, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasikia kwa masikio yangu nikiwa nimekaa mbele ya daktari, na yalinigharimu miezi minane na figo moja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 33. Si Mjapani na sina jamaa wa upande huo. Takayasu ninao.

Nilikuwa na miaka 24 ulipoanza. Kwanza ulikuja uchovu ambao usingizi hauuondoi, kisha vihoma vya jioni, nguo zikaanza kunipwaya, na upande wa kushoto wa shingo ukawa unauma nikiugusa. Nilipewa dawa za maambukizi. Zilipokwisha nikapewa nyingine. Hakuna aliyekosea sana hapo, maana hatua ya mwanzo ya ugonjwa huu hufanana na magonjwa mia, na hata mimi nilijiaminisha kwamba ni kazi tu imenizidi.

Baadaye ukaja mkono. Mimi huandika kwa mkono wa kushoto, na kuandika ubaoni maana yake ni kuuinua mkono juu ya bega na kuuacha huko. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, mkono ukawa mzito kama nimening'iniza ndoo. Wa tatu, vidole vikapoa na chaki ikadondoka. Nikiushusha nikapumzika dakika mbili tatu, nguvu zinarudi. Nikiuinua tena, yaleyale. Watoto waliizoea hali hiyo upesi kuliko mimi. Kulikuwa na msichana mmoja wa dawati la mbele ambaye, kila nilipofika mwisho wa mstari wa pili, alisimama mwenyewe na kusema, "Mwalimu, nikushikie chaki?" Nilimwachia. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Sasa nieleze jambo ambalo naomba kila anayesoma barua hii alishike. Kila nilipokwenda kutibiwa nilipimwa presha, na kila mara nilipimwa mkono wa kushoto, ndio uliokuwa karibu na meza ya muuguzi. Majibu yalikuwa 90 kwa 60, siku nyingine 88. "Presha yako iko chini, dada. Kunywa maji ya kutosha, ongeza chumvi kidogo." Nikaongeza chumvi. Nilifanya hivyo kwa uaminifu kwa karibu miaka miwili, nikidhani kwamba kuumwa kichwa kisogoni na kuona vimulimuli ninapoinuka ni dalili za presha ya chini.

Kumbe mkanda ulikuwa umefungwa kwenye mkono ambao damu haiufikii sawasawa. Katika ugonjwa wa Takayasu, kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia kuta za ateri kubwa: aota, yaani mshipa mkuu unaotoka moyoni, pamoja na matawi yake ya kwanza. Ukuta huvimba, hunenepa, hufanya kovu, na njia ya damu hubana mpaka pengine huziba kabisa. Tawi linalopita chini ya mfupa wa mtulinga kwenda mkono wa kushoto ndilo linaloathirika mara nyingi kuliko mengine. Kwa kuwa ubanaji huja polepole, vimishipa vidogo vya pembeni hutanuka na kuchukua kazi, kama vichochoro vinavyopitisha watu barabara kuu inapofungwa. Ndiyo sababu mkono haufi. Unaishi kwa mgawo, na ukiupa kazi unalalamika. Mkanda wa presha hupima damu iliyofika pale ulipofungwa, na pale palikuwa na damu ya mgawo.

Aliyegundua hakuwa bingwa. Alikuwa binti mwanafunzi wa uuguzi, yuko mazoezini, mwoga kidogo, mkufunzi wake yuko upande wa pili wa chumba. Alipima kushoto, akaandika 88 kwa 60, kisha akasema, "Dada, naomba na huo mwingine. Tumefundishwa tupime yote miwili." Akafunga mkanda kulia. Akasoma, akanyamaza, akaufungua, akaufunga upya. Alirudia mara tatu. Mkono wa kulia ulikuwa 178 kwa 104. Alidhani kifaa kimeharibika, au yeye ndiye hajui. Kisha akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akavisogeza, akakandamiza, akalegeza, akaniangalia. "Dada, siyapati mapigo yako."

Ndugu Mhariri, mpaka leo mikono yake naikumbuka ilivyokuwa ya baridi.

Nilipelekwa kwa daktari siku ileile. Alinikagua kwa makini, hilo siwezi kumnyima. Akasikiliza juu ya mtulinga kwa kifaa chake, akahisi mshipa wa ndani ya kiwiko, akauliza umri wangu na lini mkono ulianza kuchoka. Kisha akasema, nusu akijisemea mwenyewe: "Ingekuwa Takayasu kama ungekuwa Mjapani." Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akaandika kwamba huenda mshipa umebanwa na mbavu ya ziada shingoni, akanipa dawa ya presha na tarehe ya kurudi. Jina la ugonjwa wangu lilitajwa chumbani humo, mbele yangu, likawekwa kando kwa sababu ya sura yangu.

Mwaka 1990, chuo cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya baridi yabisi na kinga kiliweka vigezo sita vya kuutambulisha ugonjwa huu: kuanza kabla au ifikapo miaka 40, mkono au mguu kuchoka na kuuma unapofanya kazi, mapigo ya mkono kudhoofu, presha ya mikono miwili kutofautiana kwa zaidi ya milimita 10 za zebaki, mvumo wa damu kusikika juu ya mtulinga au juu ya aota, na picha ya mishipa kuonyesha ubanaji. Vitatu vikitimia vilitosha. Mimi siku ile nilikuwa na vinne kabla ya picha yoyote, na tofauti ya mikono yangu haikuwa 10, ilikuwa 90. Katika vigezo hivyo sita hakuna hata kimoja kinachouliza taifa wala asili ya mgonjwa.

Basi huo Ujapani ulitoka wapi? Nimekuwa na muda wa kusoma, maana dawa za mwanzo humweka mtu kitandani akiwa macho usiku kucha, na daktari aliyenitibu baadaye alikuwa na subira ya kunieleza. Mwaka 1908 daktari wa macho aitwaye Mikito Takayasu alieleza mbele ya wenzake, katika mkutano wa chama cha madaktari wa macho wa Japani, habari za mwanamke wa miaka 21 ambaye mishipa ya ndani ya macho yake ilikuwa imeungana na kufanya duara kama shada. Katika mkutano huohuo wenzake wawili, Onishi na Kagoshima, walisimama wakasema nao wamewaona wagonjwa wa namna hiyo, na kwamba wagonjwa wao hawakuwa na mapigo kwenye vifundo vya mikono. Takayasu alieleza macho. Waliotaja mapigo ni hao wawili, na majina yao leo hayakumbukwi ila na wachache. Baadaye ukaitwa "ugonjwa wa kukosa mapigo", jina ambalo kwangu lina maana kuliko jina la mtu, kwa kuwa linamwambia muuguzi pa kuweka vidole.

Lakini mwaka 1856, zaidi ya nusu karne kabla ya mkutano ule, daktari William Savory alichapisha London habari za mwanamke kijana ambaye ateri kuu za mikono yote miwili na za upande wa kushoto wa shingo zilikuwa zimeziba kabisa. Mgonjwa huyo alikuwa Uingereza. Kama jina la ugonjwa lingefuata nani alitangulia kuandika, huenda leo mngekuwa mnauita ugonjwa wa wanawake wa Kiingereza, nami ningekuwa nawaandikia barua hiihii.

Kuna na jambo la kuhesabu. Japani ni nchi inayouweka ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa magumu yanayotambuliwa na serikali; mgonjwa husajiliwa, na husaidiwa gharama. Anayesajiliwa anahesabika. Wanapohesabu vizuri wagonjwa huonekana, na wasipohesabu mnasema hawapo. Tazameni wilaya ya Olmsted huko Minnesota, Marekani, mahali ambapo kumbukumbu za matibabu za wakazi wote zimetunzwa kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulikuta huko wagonjwa wapya 2.6 kwa kila watu milioni kwa mwaka. Makadirio ya Japani yenyewe hukaa kwenye 1 hadi 2 kwa milioni. Wilaya hiyo ni ndogo na wagonjwa waliohesabiwa ni wachache mno, kwa hiyo sisemi Minnesota inaishinda Japani. Nasema palipotafutwa kwa makini, ulipatikana. Na huko Afrika Kusini, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, madaktari walikusanya kumbukumbu za wagonjwa 272 wa Takayasu waliotibiwa katika muda wa nusu karne, wakazichapisha mwaka 2005. Watu 272, hospitali moja. Daktari wangu wa kwanza alikuwa tayari kazini ripoti ile ilipotoka.

Msinielewe vibaya. Sisemi ugonjwa ni uleule kila mahali. Hapo ndipo makala yenu ilipokosa jambo zuri zaidi la kuwaambia wasomaji, na hapo ndipo mimi nilipopona.

Ugonjwa huu hubadilika kwa kufuata jamii na eneo, na umebadilika kiasi kwamba watafiti wa Japani na India walikaa pamoja kuwalinganisha wagonjwa wao. Japani, kwa kila mwanamume mmoja mgonjwa kulikuwa na wanawake takribani tisa. India, kwa kila mwanamume mmoja walikuwa wanawake wasiofika wawili. Japani ugonjwa hupenda upinde wa aota na matawi yaendayo kichwani na mikononi, na mara nyingi vali ya aota huvuja. Kwa hiyo mgonjwa wa Kijapani atalalamikia kizunguzungu, macho na mikono. India hupenda kushuka tumboni, kwenye aota ya chini na ateri za figo. Figo inayopata damu kidogo hudhani mwili mzima umepungukiwa, hutoa homoni za kupandisha presha, na mgonjwa huja na presha kali hali mikono yake inaweza kuwa na mapigo mazuri kabisa. Mwaka 1996 yakachapishwa makundi ya kuupanga ugonjwa kwa kufuata sehemu ya aota iliyoshikwa, kuanzia matawi ya upinde peke yake mpaka aota nzima.

Miezi minane baada ya kauli ile ya Ujapani, presha yangu ya mkono wa kulia ilikataa dawa tatu. Nikapelekwa kwa daktari mwingine, mama mmoja mtu mzima, bingwa wa magonjwa ya kinga. Aliisoma karatasi ya rufaa iliyoomba picha ya kifua na shingo. Akachukua kalamu, akaongeza: mpaka kwenye nyonga. Nikamuuliza kwa nini, wakati tatizo langu ni mkono. Akanijibu, "Mwanangu, mkono haupandishi presha. Kama ningekuwa nimesoma wagonjwa wa Japani tu, ningepiga picha ya juu nikatosheka. Nimesoma na wa India." Picha ikaonyesha mshipa wa mkono wa kushoto umebaki kama uzi, na ateri ya figo ya kulia imebana karibu kuziba. Figo hiyo ilikuwa imeshasinyaa. Ya kushoto ilikuwa salama.

Kwa hiyo habari ileile moja, kwamba ugonjwa huu hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, ilitumiwa kwangu mara mbili. Daktari wa kwanza aliitumia kufunga faili. Wa pili aliitumia kuangalia mbali zaidi. Nawaomba waandishi wenu wa afya waifikirie tofauti hiyo kila wanapoandika kwamba ugonjwa fulani ni wa watu fulani.

Sasa jeni, maana mstari huohuo wa nne ulisema pia kuwa ugonjwa huu "uko kwenye damu ya Kiasia". Kuna jeni ya kinga iitwayo HLA-B52. Kazi ya jeni za aina hiyo ni kuzionyesha chembe za ulinzi vipande vya protini ili zijue nani mwenyeji na nani mgeni. Ni kweli B52 huonekana zaidi kwa wagonjwa wa Takayasu kuliko kwa watu wenye afya, na imeonekana hivyo Japani, Korea, India na Uturuki. Ni kweli pia kwamba kwa kawaida iko kwa wingi zaidi Japani kuliko Ulaya ya kaskazini, na hilo linaweza kueleza sehemu ya ramani. Lakini tupige hesabu kama ninavyowapigia watoto wangu wa darasa la tatu. Japani takribani mtu mmoja kati ya watano huibeba jeni hiyo. Hao ni watu zaidi ya milioni 20. Wagonjwa wa Takayasu nchini humo wanahesabiwa kwa maelfu. Mamilioni wanaibeba na hawataugua kamwe, na wagonjwa wengi, hata Japani kwenyewe, hawaibebi. Jeni inayofanya hivyo haiwezi kuitwa hukumu.

Mwaka 2013 jarida moja la sayansi ya jeni lilichapisha tafiti mbili. Moja iliwachunguza wagonjwa wa Japani. Nyingine wagonjwa wa Uturuki pamoja na wa Amerika Kaskazini wenye asili ya Ulaya. Timu mbili, watu wa mabara tofauti. Zote mbili, mbali na eneo la HLA, zilifikia jeni ileile moja, IL12B, ambayo hutengeneza sehemu ya ujumbe ambao chembe za kinga hutumiana zinapoitana vitani. Nilipoeleweshwa hilo nililia, na sikuwa na huzuni. Nilijiona nina undugu na mwanamke wa Istanbul na mwanamke wa Osaka ambao sitawaona.

Kifua kikuu nacho kimeshukiwa kwa miaka mingi kuwa ndicho kinachoamsha ugonjwa, hasa Mexico, India na Afrika Kusini ambako wagonjwa wengi walionyesha majibu makali kwa kipimo cha ngozi. Haijathibitishwa, nami sitaki kuirefusha. Naitaja kwa sababu ramani ya ugonjwa hubeba mambo mengi kwa pamoja: jeni, vijidudu, idadi ya madaktari, mashine za picha, na kama kuna mtu anayehesabu.

Ugonjwa huu una ndugu yake, na ningependa mwandishi wenu angemtaja. Unaitwa wa seli kubwa, hushika ateri za panja na za kichwani pamoja na aota. Chini ya hadubini hata wataalamu hupata shida kuutofautisha na wangu. Lakini huo ni nadra mno kumgusa mtu wa chini ya miaka 50, huonekana zaidi kwa watu wa Skandinavia na wazao wao, na unahusishwa na jeni nyingine ya HLA. Hakuna gazeti nililowahi kuona likiuita ugonjwa wa mabibi wa Kinorwe. Angalau huko, daktari akiona mtu mzima anaumwa panja na macho yanafifia, hatangulizi kuuliza kabila. Humwanzishia dawa upesi, maana upofu hausubiri.

Niseme na la nyumbani, kwa kuwa najua kuna wasomaji wanaoogopa kuuliza. Siku nilipopewa jina la ugonjwa, wifi yangu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, na mtoto je? Ataurithi?" Alimpenda mwanangu, hakuuliza kwa ubaya. Lakini neno "jeni" lilikuwa limeshaingia nyumbani, na lilipoingia lilianza kunitazama kwa jicho la lawama. Nilimpelekea daktari swali lile kama lilivyo. Akanieleza kwamba huu si kama seli mundu, ambako mtoto akichukua jeni iliyobadilika kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama anaugua. Katika Takayasu jeni nyingi huchangia kila moja kidogo, na bado panahitajika kitu kingine cha kuuwasha moto. Familia zenye wagonjwa wawili zimewahi kuandikwa, lakini ni nadra. Hakunishauri nimpime mtoto jeni, kwa sababu majibu yasingebadilisha lolote atakalotendewa. Alinishauri kitu kimoja, ambacho nakifanya: siku mwanangu anapopimwa afya, apimwe presha, na mikono yote miwili.

Hali yangu sasa ni ya kuridhisha. Nilianza na predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa dozi kubwa, uso ukajaa, usingizi ukaniruka. Ikapunguzwa taratibu, ikaongezwa methotrexate, dawa ya kupunguza ukali wa kinga, ambayo nainywa mara moja kwa wiki. Mshipa wa figo ulipanuliwa kwa puto, baada ya uvimbe kutulizwa kwanza, kwa sababu kuupanua ukuta wa mshipa ungali unawaka ni kukaribisha uzibe tena. Mshipa wa mkono uliachwa kama ulivyo, vichochoro vimetosha. Nimejifunza kuandika ubaoni kwa mkono wa kulia. Mwandiko wangu haujafikia ule wa msichana wa dawati la mbele, ambaye sasa yuko sekondari.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni la mistari michache, ile ile minne mliyoupa ugonjwa wangu. Naomba mchapishe masahihisho yasemayo kwamba ugonjwa wa Takayasu umeonekana katika kila bara linalokaliwa na watu. Kwamba huwapata zaidi wanawake wenye umri chini ya miaka 40 lakini wanaume pia huupata, na katika nchi nyingine kwa kiwango kisicho kidogo. Kwamba sehemu ya mwili inayoathirika hutofautiana, kwa hiyo presha kali kwa kijana nayo ni dalili ya kuchunguzwa. Na kwamba mkono unaochoka upesi, au mapigo yasiyopatikana kifundoni, yanahitaji mikono yote miwili ipimwe, hata mgonjwa awe wa wapi.

Mwandishi wenu akitaka kuja kuzungumza nami, namkaribisha. Nitampa mkono wa kushoto autafute mapigo mwenyewe.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa darasa la tatu